Wengi Wape, Lakini Wengi Gani? Ambedkar, Demokrasia na Matabaka ya Kuzaliwa

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa walimu na wanafunzi wa somo la uraia. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu zangu mliosafiri kutoka mbali, habari za mchana.

Mmeniomba nizungumzie demokrasia, nami nimechagua kuizungumzia kupitia nchi ya India na kupitia maisha ya mtu mmoja, Bhimrao Ramji Ambedkar. Sikumchagua kwa sababu aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, ingawa hilo peke yake lingetosha. Nimemchagua kwa sababu, miongoni mwa waliofikiri kwa kina kuhusu demokrasia katika karne iliyopita, simjui mwingine aliyelazimika kuitazama kutoka chini kiasi kile.

Naanza na maji. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji mdogo wa Mahad, kusini mwa Bombay, maelfu ya watu waliandamana kwa utulivu hadi kwenye bwawa liitwalo Chavdar. Ambedkar aliteka maji kwa viganja vyake akanywa, na waliomfuata nao wakanywa. Ndugu zangu, walichokifanya ni hicho tu. Hawakuvunja duka, hawakumtukana mtu, hawakuziba barabara. Walikunywa maji. Muda mfupi baadaye uvumi ukaenezwa mjini kwamba watu hao wamepanga kuliingia hekalu la Veereshwar, na kundi la watu wenye fimbo likawavamia baadhi yao wakiwa wanakula. Kisha watu wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa: vyungu 108 vya mchanganyiko wa samadi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi vikamiminwa majini huku makuhani wakisoma dua, ili kuondoa najisi iliyoachwa na midomo ya binadamu.

Sasa niwaulize. Je, watu wale walikuwa wamevunja sheria? Hapana. Mwaka 1923 Baraza la Kutunga Sheria la Bombay lilikuwa limepitisha azimio kwamba visima, mabwawa, shule na maeneo yote yanayogharamiwa na umma yawe wazi kwa watu walioitwa wasioguswa, yaani waliohesabiwa najisi kwa kuzaliwa kwao, ambao leo wengi wao hujiita Wadalit. Mwaka uliofuata manispaa ya Mahad ikatangaza kwamba bwawa la Chavdar ni la wote. Waislamu walilitumia bwawa hilo, Wakristo walilitumia, na hata ng'ombe walikunywa humo. Azimio lilikuwepo. Ruhusa ilikuwepo. Maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni nini?

Swali hilo ndilo ninalotaka tukae nalo mchana huu, kwa maana ndilo Ambedkar alilokaa nalo maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika mji wa kambi ya jeshi wa Mhow, katika jamii ya Mahar, mojawapo ya zile zilizoitwa zisizoguswa. Baba yake alikuwa askari aliyefikia cheo cha subedar, na kwa hiyo mtoto alipata shule. Lakini darasani alikalia gunia aliloleta kutoka nyumbani, mbali na wenzake, na alipokuwa na kiu hakuruhusiwa kugusa bomba. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie. Siku ambayo tarishi hakuwepo, mtoto hakunywa. Mtoto huyo huyo, kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda, mojawapo ya falme za India, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na baadaye London, na katika miaka iliyofuata akapata shahada za uzamivu katika uchumi na akawa wakili. Kabla hajamaliza masomo ya London, aliporudi Baroda mwaka 1917 kuutumikia utawala uliomsomesha, matarishi wa ofisi walimrushia mafaili mezani ili mikono yao isikaribiane na yake, na katika nyumba ya wageni alikopanga kundi la wanaume wenye fimbo lilimtaka aondoke siku hiyo hiyo. Tunawaambia vijana wetu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, nami sikatai. Lakini tuwe wakweli nao: kulikuwa na mlango ambao elimu yote ile haikuufungua.

Walimu wangu, tuuelewe mfumo wenyewe, kwa sababu mara nyingi tunaufananisha haraka na tofauti ya tajiri na maskini, au na ubaguzi wa rangi tuliousoma katika historia ya Afrika Kusini. Una undugu na hayo yote, lakini una jambo lake la pekee. Mwaka 1920, katika toleo la kwanza la gazeti lake la Mooknayak, Ambedkar aliifananisha jamii ya Kihindu na jengo la ghorofa nyingi lisilo na ngazi: aliyezaliwa orofa ya chini atafia huko huko hata awe na sifa gani, na aliyezaliwa orofa ya juu hatashushwa hata akiwa hana sifa yoyote. Ukali wa mfano huu unauona ukitazama orofa za katikati. Karibu kila mtu ana anayemdharau, na karibu kila mtu ana anayemdharau yeye. Wamahar wenyewe, walionyimwa maji ya Mahad, wengi wao hawakukubali kula pamoja na Wamang, walioonekana kuwa chini yao zaidi. Ambedkar aliuita mfumo huo usawa uliovunjwa daraja kwa daraja, na akaonyesha kwamba hapo ndipo nguvu yake ilipo. Dhuluma inayompa kila mdhulumiwa mtu wa kumdhulumu haihitaji askari wengi wa kuilinda.

Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Kabla yake, katika mji wa Pune, Jotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mwaka 1848, na Savitribai alipokuwa akienda kufundisha alirushiwa tope na samadi njiani, akawa anabeba sari ya pili ya kubadilisha akifika darasani. Mwaka 1873 Phule alichapisha kitabu kiitwacho Gulamgiri, yaani utumwa, akakitabaruku kwa watu wa Marekani kwa sababu waliwakomboa watumwa weusi, na akaeleza tumaini lake kwamba watu wa nchi yake watafuata mfano huo. Sisi wa pwani hii tunaujua mwaka 1873 kwa sababu nyingine: ndio mwaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Phule aliona mapema kwamba mnyororo wa chuma na mnyororo wa nasaba hutoka kwa mhunzi mmoja.

Narudi kwa Ambedkar. Desemba 1927 alirudi Mahad na watu wengi zaidi, na safari hii mahakama ilikuwa imetoa amri ya muda kuwazuia wasilifikie bwawa mpaka kesi isikilizwe. Hapo aliwaambia wafuasi wake maneno ambayo, kwangu mimi, ni miongoni mwa maelezo bora ya demokrasia yaliyopata kutolewa na mtu yeyote. Aliwaambia kwamba kunywa maji ya bwawa hili hakutatufanya tuishi milele, na kwamba tumeishi siku zote hizi bila kuyanywa. Tunakwenda kule ili kuthibitisha kwamba na sisi ni binadamu kama wengine. Akaufananisha mkutano wao, wa watu maskini waliokaa chini ya turubai, na bunge la Wafaransa la mwaka 1789. Wakaiheshimu amri ya mahakama, bwawa hawakulikaribia. Lakini usiku wa tarehe 25 Desemba waliichoma hadharani Manusmriti, sheria ya kale iliyoyapa matabaka baraka ya dini, na aliyeongoza hoja hiyo alikuwa Gangadhar Sahasrabudhe, mtu aliyezaliwa Brahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa. Hilo msilisahau, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mapambano haya ni chuki ya watu dhidi ya watu. Kesi ya bwawa ilidumu miaka 10. Mahakama Kuu ya Bombay iliwapa ushindi Machi 1937.

Miaka 10, ndugu zangu, kwa ajili ya kiganja cha maji!

Katikati ya miaka hiyo alialikwa Lahore, mwaka 1936, kutoa hotuba mbele ya jumuiya ya Wahindu waliotaka matabaka yavunjwe. Waliposoma rasimu waliogopa, wakaomba apunguze makali. Akakataa kuondoa hata mkato mmoja, mwaliko ukafutwa, naye akaichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Humo alieleza kwamba demokrasia si namna ya serikali tu. Kwanza ni namna ya watu kuishi pamoja na kushirikiana katika yale wanayoyapitia, na kiini chake ni heshima kwa binadamu mwenzako. Wazo hilo alikuwa amelikuta Columbia kwa mwalimu wake John Dewey, lakini Dewey hakuwahi kunyimwa maji. Mwanafunzi alilipeleka wazo mahali ambapo mwalimu hakufika. Akasema kwamba tabaka linaua moyo wa umma, kwa kuwa mtu wa tabaka anawajibika kwa tabaka lake tu: huruma yake inaishia pale, ukarimu wake unaishia pale, na hata anapomsifu mtu mwema anamsifu aliye wa kwao. Sasa mtafanyaje siasa ya umma mahali ambapo umma haupo?

Hapa ndipo ninapofika kwenye msemo wetu. Sote tumelelewa na maneno haya: wengi wape. Tunayasema katika vikao vya kijiji, tunayasema katika harusi, tunayasema bungeni. Ni maneno ya hekima, maana yanamfundisha aliyeshindwa kwa hoja akubali na asivunje kikao. Lakini yanadai sharti ambalo hatulitaji: kwamba aliye miongoni mwa wachache leo anaweza kuwa miongoni mwa wengi kesho. Leo nimeshindwa, kesho nitakushawishi, kesho kutwa utakuwa upande wangu. Ambedkar alilichambua sharti hilo kwa uangalifu mkubwa. Alitofautisha wengi wa siasa, ambao huundwa kwa hoja na huvunjika kwa hoja, na wengi wa kuzaliwa, ambao mlango wao umefungwa tangu tumboni mwa mama. Wengi wa kwanza ni uhai wa demokrasia. Wengi wa pili, wakipewa sanduku la kura bila kizuizi chochote, watatawala milele kwa jina la demokrasia. Ukimwambia Mdalit wa kijijini, ambaye ni mmoja kati ya watano au sita, wengi wape, umemwambia awape nini zaidi ya alichokwisha kunyang'anywa?

Ndiyo sababu mwaka 1932 alidai Wadalit wapige kura yao wenyewe kuwachagua wawakilishi wao. Serikali ya Uingereza ilikubali mwezi Agosti. Gandhi, aliyekuwa gerezani Yerawada, aliona kwamba mpango huo utaigawa jamii ya Wahindu daima, na tarehe 20 Septemba akaanza kufunga hadi kufa. Fikirini hali ya Ambedkar siku hizo. Upande mmoja, uhai wa mtu aliyependwa kuliko wote India, na hatari ya wazi kwamba akifa, Wadalit wa vijijini ndio watakaolipizwa kisasi. Upande wa pili, haki ambayo watu wake hawakuwa wamewahi kuipata. Tarehe 24 Septemba alitia saini Mkataba wa Poona: Wadalit walipewa viti 148 katika mabaraza ya majimbo, idadi kubwa kuliko ile ya mwanzo, lakini wakaaji wa viti hivyo wangechaguliwa mwishoni na wapiga kura wote pamoja. Wapo wanaousifu mkataba huo kwa kulinda umoja. Mimi namheshimu sana Gandhi kwa mengi, lakini katika jambo hili naona Ambedkar ndiye aliyekuwa na haki. Mwakilishi wa wanyonge anayehitaji kura za wenye nguvu ili ashinde atajifunza haraka sana nani wa kumpendeza.

Nitaipita haraka miaka ya katiba, kwani mnaijua zaidi. Agosti 1947 alifanywa mwenyekiti wa kamati ya rasimu. Katiba ikapitishwa tarehe 26 Novemba 1949 na kuanza kazi tarehe 26 Januari 1950. Ibara ya 17 ilifuta desturi ya kutoguswa na kuifanya kuwa kosa. Ibara ya 15 ilitaja kwa majina visima, mabwawa na maduka, nami kila nikiisoma naliona bwawa la Chavdar ndani yake. Kila mtu mzima akapewa kura, na katika uchaguzi wa kwanza walioandikishwa walikuwa takriban milioni 173, wengi wao hawajui kusoma.

Siku moja kabla ya katiba kupitishwa, alisimama bungeni. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye alionya. Alisema kwamba tarehe 26 Januari 1950 tunaingia katika maisha ya mgongano: katika siasa tutakuwa na usawa, mtu mmoja kura moja na kura moja thamani moja, lakini katika maisha ya kijamii na kiuchumi tutaendelea kukana kwamba mtu mmoja ana thamani moja. Tusipouondoa mgongano huo mapema, wanaoumia watalilipua jengo la demokrasia tulilolijenga kwa taabu. Akaonya pia dhidi ya kuwaabudu viongozi, akisema kwamba katika dini ibada ya namna hiyo inaweza kuwa njia ya wokovu wa roho, bali katika siasa ni njia ya hakika ya kuporomoka na hatimaye udikteta. Aliyesema hayo leo ana sanamu karibu kila mtaa wa India, na wapo wanaoinama mbele ya sanamu hizo bila kuisoma hotuba hiyo. Naomba sisi tuisome.

Je, onyo lake lilitimia? Tuende Melavalavu, kijiji cha Tamil Nadu, si mbali na Madurai. Mwaka 1996 kiti cha mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji kilitengwa kwa ajili ya Wadalit, kama sheria inavyotaka. Vitisho vikaanza. Waliojiandikisha kugombea wakajitoa, uchaguzi ukaahirishwa, masanduku ya kura yakaporwa. Mwishowe, chini ya ulinzi wa polisi, mtu mmoja aitwaye Murugesan akachaguliwa. Alikuwa mwenyekiti asiyeweza kuingia ofisini mwake. Tarehe 30 Juni 1997, akirejea kutoka mjini kuwaona wakubwa wa wilaya, basi alilopanda lilisimamishwa, naye akauawa pamoja na wenzake kadhaa. Mahakama baadaye ilitoa hukumu ya kifungo cha maisha kwa watu 17. Murugesan alikuwa na kila kitu ambacho vitabu vyetu vya uraia hukiita demokrasia: sheria, tume, kura, cheti cha ushindi. Alichokikosa ni kile kile kilichokosekana Mahad miaka 70 kabla yake, majirani waliokubali kwamba mtu wa upande ule wa kijiji anaweza kuwaongoza.

Wapo watakaosema: basi sheria haina kazi. Sikubaliani kabisa. Bila viti vilivyotengwa, ambavyo leo katika bunge la taifa ni 84 kati ya 543, sauti hizi zisingesikika popote. Bila sheria hizo Mayawati, mwanamke Mdalit, asingeongoza Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India, na K. R. Narayanan asingekuwa rais mwaka 1997. Ninachosema ni kwamba sheria inafungua njia, na baada ya hapo kuna kazi ambayo haiwezi kufanywa na hakimu. Katika uhuru, usawa na udugu, Ambedkar aliuona udugu kuwa ndio nguzo dhaifu kuliko zote, na ndiyo tunayoisemea kidogo kuliko zote. Pale Lahore alitaja dawa, na dawa yenyewe iliwaudhi hata waliomwalika: watu waoane. Kula pamoja hakutoshi, alisema. Mpaka damu zichanganyike, hisia ya kuwa ndugu haitakuja, na watu hawataoana mpaka waache kuamini kwamba mgawanyo huo umeamriwa na mbingu. Hadi leo, ndoa za kuvuka matabaka India hazifiki moja kati ya kumi.

Tusiwatazame Wahindi kwa mbali, wazee wangu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini nani kati yetu hajawahi kusikia, posa inapoletwa, mzee akiuliza kwa sauti ya chini, "huyu kijana ni wa nani hasa?" Siuzungumzii utaratibu wa fiqhi kuhusu kufu, ambao una wanachuoni wake. Nazungumzia mnong'ono ule unaorudi nyuma vizazi vitatu au vinne, kutafuta kama babu alikuwa muungwana au mtumwa, na unaomrudisha kijana mwenye dini, kazi na adabu bila kumweleza sababu. Tunapiga kura pamoja. Tunasali safu moja. Bado tunaulizana orofa.

Ambedkar mwenyewe alimalizia mahali ambapo wengi hawakumtarajia. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, alihama dini na kuwa Mbudha, na mamia ya maelfu ya watu waliovaa nguo nyeupe wakahama pamoja naye. Tarehe 6 Desemba mwaka huo huo akafariki. Wapo walioona kwamba alikata tamaa na siasa. Mimi naona alikuwa anautafuta ule udugu ambao katiba yake haikuweza kuutoa. Miaka miwili kabla, redioni, alikuwa amesema kwamba uhuru, usawa na udugu hakuvichukua kwa Wafaransa bali kwa mwalimu wake Buddha. Lakini tabaka liliwafuata hata huko. Mwaka 1990 bunge la India lililazimika kubadilisha sheria ili Wadalit waliokuwa Wabudha wapate tena kinga na nafasi walizozipoteza kwa kuhama, yaani dola yenyewe ilikiri kwamba majirani hawakuisahau asili yao. Wadalit waliokuwa Wakristo na Waislamu bado hawajapewa kinga na nafasi hizo, na dai lao limekuwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 20 sasa.

Nawashukuru kwa subira yenu. Naona wanafunzi walioinua mikono tangu nilipoutaja Mkataba wa Poona. Tuanze na hao.